"Signed off" maana yake nimefukuzwa kazi? Naomba ufafanuzi wa vitenzi vya Kiingereza vya kutokuwepo kazini

Binti Pangani aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa lugha, ingawa jambo lenyewe lilianza kama suala la afya. Ninafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leeds, Uingereza, na huu ni mwezi wangu wa tano. Kiingereza nilikisoma Tanga hadi kidato cha sita na nikafaulu vizuri, na sina shida ya kusoma taarifa za wazee wala kuandika ripoti ya zamu. Ninapokwama ni kwenye yale maneno mafupi ambayo wenzangu huyatumia wanapozungumzia mapumziko na ruhusa, mara "off", mara "in", mara "up", mara "over", na kila moja linageuza maana ya kitenzi lililokifuata hata nisikitambue tena.

Wiki mbili zilizopita nilishikwa na homa kali na kikohozi. Nilimpigia simu msimamizi wangu, naye akanijibu kwa upole kabisa kwamba nipumzike, ila ugonjwa ukizidi siku saba, "you'll need to get signed off". Nilikuwa nimewahi kuwasikia wauguzi wakisimulia habari za mwenzao ambaye alikuwa "struck off", yaani jina lake lilifutwa kwenye daftari la wauguzi asiruhusiwe tena kufanya kazi hiyo, na maneno hayo mawili yakaungana kichwani mwangu. Nikaelewa kwamba siku ya nane ikinikuta kitandani, ajira yangu imekwisha. Siku ya tano nikavaa sare, nikapanda basi la alfajiri huku natetemeka, nikaingia kazini. Msimamizi alinikuta kwenye korido nimejishikiza ukutani, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekasirika, kwa sababu nilikuwa nimewapelekea homa watu wenye umri wa miaka themanini na tisini. Namshukuru Mungu kwamba hakuna mzee aliyeugua, lakini jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Naomba basi anayefahamu anieleze "signed off" ni nini hasa. Pia niliwahi kuandika ujumbe usemao "I want to take off on Friday", nikaulizwa ninakwenda wapi na kama nitarudi. Siku nyingine mwenzangu alisema "They let us go early" akiwa anacheka, na wiki hiyohiyo mwingine akasema "They let her go" huku machozi yanamlengalenga, nami sikuona tofauti ya maneno. Na rafiki yangu kutoka Nairobi husema "sick off", neno ambalo Waingereza wa hapa kazini hawalielewi. Nitashukuru kwa maelezo yoyote, hata yakiwa marefu.

Mwalimu Uluguru alijibu:

Binti yangu, pole sana kwa maradhi na kwa hofu uliyoibeba peke yako siku zote hizo. Nimefundisha Kiingereza katika sekondari za Morogoro kwa miaka mingi, na ninakiri kwamba sisi walimu tuna sehemu yetu katika mkasa wako, kwa sababu tulikufundisheni "apply for leave" na "request permission" kama barua za serikali zinavyoandikwa, tukaiacha kando lugha ambayo msimamizi anaitumia kwenye simu saa moja asubuhi.

Nianze na "off", kwa kuwa ndilo lililokuumiza. Maana yake ya msingi ni kubanduka, kitu kutoka pale kilipokuwa kimeshika. Kifuniko kikitolewa kwenye sufuria ni "off", abiria akishuka kwenye basi ni "off", taa ikizimwa ni "off". Waingereza huiona kazi kama kitu ambacho mtu amesimama juu yake, na ndiyo maana aliye zamuni yuko "on" na aliyepumzika yuko "off". Lakini sikiliza vizuri hapa: "off" yenyewe haisemi umebanduka kwa muda gani, wala haisemi nani amekubandua. Hayo yote yamo katika kitenzi kinachotangulia. Katika "signed off", kitenzi ni kutia saini. Daktari ametia saini kwamba kwa siku kadhaa hutakiwi kusimama kazini, na saini hiyo ni kinga yako. Mtu husema "The doctor has signed me off for two weeks", na muda ukiisha anarudi kazini kwake kama kawaida. Katika "struck off", kitenzi ni kupiga kalamu juu ya jina, na jina lililokatwa kwa kalamu limeondolewa daftarini. Neno dogo ni lilelile, lakini mkono ulioshika kalamu na nia yake ni tofauti kabisa.

Usijione mjinga kwa kutatizwa na haya. Mwaka 1755, Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake kubwa ya Kiingereza, alieleza katika dibaji kwamba miungano hii ya kitenzi na neno dogo ndiyo inayowapa wageni ugumu mkubwa kuliko yote, na katika mifano yake ya mwanzo aliweka "come off", "fall off" na "break off". Watu wamekuwa wakikwaa kisiki hichohicho kwa zaidi ya miaka mia mbili na hamsini.

Sasa "let go". Hapa Kiswahili kitakusaidia kuliko kamusi yoyote. Sisi hubadilisha maana kwa kunyambua mkia wa kitenzi: acha, achia, achisha. Mfanyakazi aliyeruhusiwa kutoka kabla ya muda "ameachiwa mapema", na aliyepoteza ajira "ameachishwa kazi". Sikio la Mswahili halichanganyi hayo mawili hata siku moja, kwa sababu mkia wa kitenzi umeshamwambia. Kiingereza hakina mkia huo, na "let go" inabaki ileile pande zote mbili, ikisubiri neno jingine liitenge. Katika "They let us go early", neno "early" ndilo linalofanya kazi ya kiambishi chetu, likikuambia kwamba ni kuachiwa. Katika "They let her go", hakuna neno lolote baada yake, na ukimya huo ndio habari mbaya. Mwenzako aliyelengwalengwa na machozi alikuwa anakueleza kwamba mtu ameachishwa kazi. Waingereza hupenda kulisema hivyo kwa sababu ni laini kuliko "sacked", lakini uzito wake ni uleule.

Kuhusu ujumbe wako wa Ijumaa, kosa lilikuwa dogo na limejificha. "Take" ni kitenzi kinachodai kitu cha kushikwa. Ukisema "take Friday off", Ijumaa ndiyo inayoshikwa na kubanduliwa kutoka kwenye ratiba. Ulipoweka "on" mbele ya "Friday", uliinyang'anya "take" kitu chake, ikabaki "take off" peke yake, na "take off" isiyo na kitu ni ya ndege inapopaa au ya mtu anayeondoka ghafla. Msimamizi wako aliona mtu anayetaka kuondoka mbio siku ya Ijumaa, na swali lake lilikuwa la haki. Andika "I'd like to take Friday off" au, kama ni kuweka siku mapema kwenye ratiba, "Could I book Friday off?" Na ukitumia kiwakilishi, hakina ruhusa ya kukaa mwisho: ni "book it off", kamwe si "book off it".

Nesi wa Usiku alijibu:

Dada, pole sana. Mimi ni Mkenya, nauguza Birmingham, na nimesoma habari yako nikiwa kwenye mapumziko ya usiku. Mwalimu amemaliza upande wa lugha kwa namna ambayo siwezi kuiongezea, kwa hiyo nitaeleza utaratibu wenyewe, kwa sababu ukiujua utaratibu hayo maneno hayatakutisha tena.

Hapa Uingereza, siku saba za kwanza za ugonjwa mfanyakazi hujithibitishia mwenyewe kwamba anaumwa, na siku hizo huhesabiwa pamoja na zile ambazo hukuwa na zamu. Ugonjwa ukivuka hapo, mwajiri ana haki ya kudai cheti. Zamani kiliitwa "sick note", na tangu mwaka 2010 kinaitwa "fit note", ingawa watu wengi bado wanatumia jina la zamani. Tangu Julai 2022 si lazima kitiwe saini na daktari. Muuguzi, mfamasia, mtaalamu wa tiba ya viungo (physiotherapist) au mtaalamu wa tiba kwa kazi (occupational therapist) anaweza kukitia saini pia. Kupata cheti hicho ndiko kunakoitwa "to get signed off". Kwa maneno mengine, msimamizi wako alikuwa anakuelekeza njia ya kukulinda, nawe ukaisikia kama tishio. Inanisikitisha sana, maana najua idadi ya wageni ambao huja kazini wagonjwa kwa hofu kama hiyo si ndogo, na hakuna anayekaa nao chini kuwaeleza.

Kuhusu "sick off", rafiki yako hajabuni. Kwetu Kenya daktari akikuandikia siku tatu za kupumzika, unasema umepewa "sick off" ya siku tatu, na mkuu wa idara anaelewa vizuri. Watanzania ninaofanya nao kazi huiita ED, yaani "Excuse Duty", na wao pia hushangaa wanapoona Mwingereza anaduwaa. Waingereza wanayageuza maneno hayo, wanasema "I'm off sick", na hawalitumii kama kitu cha kupewa mkononi. Ukipiga simu asubuhi kutoa taarifa, unasema "I'm calling in sick" au "I'm ringing in sick". Hiyo "in" inaelekea kazini, kana kwamba simu yako inaingia mlangoni badala yako.

Kuna tahadhari moja ambayo kwa kazi yako ni muhimu kuliko zote. Kwa Waingereza "I was sick last night" maana yake nilitapika. Haimaanishi tu niliumwa. Mwaka wangu wa kwanza nilipatwa na maumivu ya kichwa, nikamwambia dada wa zamu "I was sick yesterday", akanitoa wodini palepale na kuniambia nisirudi mpaka zipite saa 48, kwa sababu mhudumu aliyetapika au kuharisha anatakiwa kukaa mbali na wagonjwa kwa muda huo tangu dalili za mwisho zilipokoma. Neno alilotumia ni "You'll have to stay off for 48 hours". Nilibishana naye kwa dakika kumi kuhusu kichwa changu huku yeye akizungumzia tumbo langu. Kama hukutapika, sema "I wasn't well". Kama ulitapika, sema "I've been throwing up", ili wajue hasa wanachopambana nacho. Kama ni mafua yanaanza, sema "I think I'm coming down with something", na ukishapona sema "I've got over it".

Mkaazi wa Columbus alijibu:

Naomba niongeze neno kutoka upande wa Marekani, kwa sababu dada akisikiliza video za huku anaweza kuchanganyikiwa zaidi. Nafanya kazi katika ghala la mizigo hapa Ohio. Wiki yangu ya kwanza, kiongozi wa zamu alisema "Three people called off tonight". Shuleni Kigoma nilifundishwa kwamba "call off" ni kusitisha jambo, kama chama kinavyositisha mgomo au mechi inavyoahirishwa kwa mvua, nikadhani wenzetu watatu wamesitisha zamu kwa amri yao. Kumbe hapa Ohio na magharibi mwa Pennsylvania "call off" ni kupiga simu kusema huji kazini, na majimbo ya mashariki wengi husema "call out". Mwingereza anayesema "call in sick" ataeleweka popote, kwa hiyo ningekushauri ubaki na hiyo.

Lakini neno ninalotaka kulisema kwa uzito ni "lay off". Katika ghala la jirani kulikuwa na Wakongo wanne kutoka Uvira, tuliokuwa tukisali pamoja. Mmoja alinipigia simu jioni na kuniambia "They laid us off". Mimi nilisikia "off", nikadhani wamepewa mapumziko, nikamwambia hongera, mtapata muda wa kukaa na watoto. Akanyamaza kwa muda mrefu. Wote wanne walikuwa wamepunguzwa kazi kwa sababu mizigo imepungua. Zamani neno hilo lilimaanisha kusimamishwa kwa muda, kiwanda kikiwa hakina kazi, na watu wakiitwa tena hali ikirejea. Siku hizi kwa kawaida linamaanisha kupunguzwa kazi moja kwa moja. Nilimwomba radhi siku hiyohiyo, na bado nikimwona kanisani moyo unanikumbusha.

Jambo jingine, huku hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri kutoa likizo ya mwaka yenye malipo. Kwa ugonjwa mzito au mtoto mchanga kuna sheria ya mwaka 1993 inayompa mfanyakazi hadi wiki 12 bila malipo, nayo ni kwa aliyetimiza mwaka mmoja na saa 1,250 katika kampuni yenye watu 50 au zaidi. Ndiyo maana siku za kupumzika tunazihesabu kama fedha, na utasikia sana "I've used up my days", yaani zimekwisha zote, au "Can I carry them over?", yaani naweza kuzihamishia mwaka ujao.

Binti Pangani aliandika:

Mwalimu, shikamoo. Dada Nesi na kaka wa Columbus, ahsanteni sana. Nimesoma majibu yenu mara tatu, na nilipofika kwenye "achiwa" na "achishwa" nililazimika kuiweka simu chini kwa muda, maana nimeongea Kiswahili maisha yangu yote bila kuona kwamba nilikuwa na ufunguo huo mfukoni.

Nina safari ya kwenda London kwenye arusi ya binamu yangu mwezi ujao, na nataka kuomba ruhusa kwa maandishi bila kukosea. Nimeandika hivi: "Dear manager, I want an off on Saturday 14th. My colleague will cover me. I will make up." Naomba mnisahihishie bila kunionea haya.

Abu Salim, Dubai, alijibu:

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha, na naomba kutofautiana kidogo kabla Mwalimu hajasahihisha. Niko hotelini Dubai kwa mwaka wa tisa, nikifanya kazi na Wahindi, Wafilipino, Wanepali na Waswahili wenzetu kutoka Mombasa na Unguja. Hapa kila mtu anasema "my off is Tuesday" na "I have two offs this month", na msimamizi anayetoka Kerala anaandika hivyohivyo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Nyumbani pia, nikimpigia mdogo wangu Kisauni ananiambia "leo niko off" au "nimepewa ofu mbili". Kiingereza cha maelfu ya watu wanaofanya kazi pamoja kila siku na wakaelewana hakiwezi kuitwa kosa. Sheria ya hapa inataka mfanyakazi apate angalau siku moja ya mapumziko kwa wiki, na siku hiyo jina lake kazini kwetu ni "off", basi.

Mwalimu Uluguru alijibu:

Abu Salim, nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani, na nikiwa Dubai nitasema "my off" pamoja nanyi. Neno likishazaa wingi, "ofu mbili", limekuwa nomino, na hakuna mwalimu atakayelirudisha nyuma. Ninachomwambia binti ni kwamba Leeds hawajafanya hivyo. Kwao "off" haijawa kitu cha kuhesabu, inaambatana na siku, "a day off", au inaeleza hali ya mtu, "I'm off on Saturday". Mtu huzungumza na aliye mbele yake, na aliye mbele yake ni msimamizi wa Leeds.

Marahaba, binti. Ujumbe wako una mambo matatu. La kwanza ni "an off", ambalo tumeshalizungumza. La pili ni "cover me". Kumfunika mtu kwa blanketi ni "cover me", na kumlinda wakati risasi zinalia ni "cover me", lakini kumshikia zamu ni "cover for me", au "cover my shift". Tazama tena Kiswahili kinavyokubeba, maana sisi tunasema "nishikie zamu", na ile "-ia" ndiyo "for" yao. Ila uwe mwangalifu, kwa sababu "cover for" ina upande wa pili, wa kumfichia mtu kosa lake. Mwenzako akisema "I covered for you" kwa sauti ya chini baada ya wewe kuchelewa, anamaanisha alikutetea kwa mkubwa. Kwenye maandishi ya ruhusa ni salama zaidi kuandika "cover my shift", kwa kuwa hapo kinachofunikwa ni zamu, wala hakuna kosa linalofichwa.

La tatu ni "I will make up", ambalo likiachwa hivyo litasomeka kama kupatana baada ya ugomvi. Unachotaka ni kufidia saa, kwa hiyo saa hizo lazima zitajwe: "I can make up the hours". Neno hili "make up" limebeba mizigo mingi kuliko punda wa Lamu, kuanzia vipodozi hadi kutunga uongo, na ni kile kitu kinachofuata ndicho kinachokuambia umeshika mzigo upi.

Ningeuandika hivi: "Could I please take Saturday 14th off? It's my cousin's wedding in London. A colleague has agreed to cover my shift, and I can make up the hours the week after." Umeona nimeanza na "could I" badala ya "I want". Kwa Kiswahili tungesema "nilikuwa naomba", tukirudisha ombi nyuma kidogo kwa wakati uliopita ili lisimkabe mtu, na "could" inafanya vilevile.

Niongeze jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu litakukuta. Mwisho wa zamu utawasikia wakisema "knock off", "clock off" au "get off", wakiwa na maana ileile ya kutoka kazini: "What time do you get off?" Hiyo "clock off" ina historia inayoshikika. Mwishoni mwa karne ya 19, Willard Bundy, sonara wa mji wa Auburn, jimbo la New York, alitengeneza saa iliyopiga chapa wakati ambao kila mfanyakazi aliingia na kutoka, na kampuni iliyoanzishwa kuiuza ikaja kuwa mojawapo ya mizizi ya IBM, kampuni kubwa ya kompyuta. Wanafunzi wangu waliposikia kwamba kuna mashine halisi nyuma ya neno hilo, hawakulisahau tena.

Kuna pia "bunk off" na "skive off". Hayo yafahamu kwa kuyasikia tu, usiyatumie juu yako mwenyewe, maana ni kutegea kazi, na mtu wa Leeds akisema mwenzake "is skiving" amemtuhumu.

Nesi wa Usiku alijibu:

Na "I'm off!" peke yake, dada, mtu akiwa ameshavaa koti, maana yake ni naondoka. Lakini "I'm off tomorrow" inaweza kuwa kesho sipo kazini, au kesho nasafiri. Wakizungumza na wewe koridoni, uliza "Off work?" na hakuna atakayekuona vibaya. Mimi huuliza mpaka leo. Usishangae pia jikoni wakikuambia "the milk's off", kwa sababu maziwa nayo yamebanduka pale yalipokuwa, yameharibika.

Binti Pangani aliandika:

Nimeutuma ujumbe jana saa nane mchana, neno kwa neno kama Mwalimu alivyouandika, na jibu limerudi kabla sijamaliza kunywa chai: "No problem, I've put you down as off. Enjoy the wedding!" Nimeelewa kwamba nimekubaliwa, ila hiyo "put you down" imenirudisha kidogo kwenye ile korido, kwa sababu mwenzangu mmoja alilia mwezi uliopita akisema "The vet put him down", akizungumzia mbwa wake.

Nesi wa Usiku alijibu:

Mbwa wake alichomwa sindano ya kufa na daktari wa mifugo, maskini. Wewe umeandikwa tu kwenye ratiba. Ile "as" inayofuata ndiyo inayokuambia, kwa kuwa "put you down as" ni kumwandika mtu kwa hali fulani, na hali uliyoandikiwa ni kupumzika. Kata tiketi ya treni mapema.